Jinsi ya Kumpata Mkurugenzi wa Soka Anayeifaa Klabu Yenu: Mwongozo Kamili

Kocha wa kwanza alitaka mawinga wenye kasi, wakasajiliwa wanne. Akafukuzwa. Kocha wa pili hatumii mawinga. Anataka mabeki wa pembeni wanaopanda na viungo watatu katikati. Wale mawinga wanne wakaanza kula mshahara wakiwa jukwaani. Alipofika wa tatu akakuta kikosi kilichosajiliwa na walimu wawili tofauti, naye akaomba dirisha zima la usajili ili ajenge upya. Ndani ya miaka miwili klabu imelipia timu tatu na haina hata moja.

Klabu nyingi huamua kuajiri mkurugenzi wa soka baada ya kufikishwa hapo. Zinatafuta mtu wa kushika uzi ili usikatike kocha anapoondoka: aina ya mchezo, aina ya wachezaji, mishahara, vijana, mikataba. Kwangu uamuzi huu ni mzito kuliko kumchagua kocha. Kocha asiyefaa anaonekana kwenye msimamo wa ligi baada ya wiki kumi. Mkurugenzi asiyefaa anagundulika baada ya madirisha manne, wakati mikataba aliyoisimamia bado ina miaka mitatu mbele. Mwongozo huu ni wenu ninyi mlio kwenye bodi, mtakaokaa upande wa pili wa meza na kumsaili.

Hatua ya 1: Andikeni mamlaka kabla ya kuandika tangazo

Cheo hiki kina majina mengi. Kuna klabu zinamwita mkurugenzi wa michezo, nyingine mkurugenzi wa ufundi, nyingine mkurugenzi wa soka. Msigombane juu ya jina. Gombaneni, tena mapema, juu ya nani ana neno la mwisho.

Chukueni karatasi. Upande wa kushoto orodhesheni kila uamuzi wa soka unaofanyika kwa mwaka: kuajiri na kumwondoa kocha mkuu, kusajili, kuuza, kutoa kwa mkopo, kuongeza mkataba, kupanga viwango vya mishahara na bonasi, kumpandisha kijana kikosi cha kwanza, kumwajiri daktari wa timu, kumteua mkuu wa skauti, yaani wasaka vipaji. Mbele ya kila uamuzi wekeni safu tatu: anayependekeza, anayeshauriwa, anayeamua. Safu ya mwisho iwe na mtu mmoja au chombo kimoja tu. Mkijikuta mmeandika "mwenyekiti na mkurugenzi kwa pamoja", mjue mmeshapanga ugomvi wenu wa kwanza.

Mstari unaosumbua kuliko yote ni usajili, na nafasi ya kocha ndani yake. Mimi nashauri kocha apewe haki ya kumkataa mchezaji, lakini asipewe haki ya kulazimisha mchezaji fulani asajiliwe. Mchezaji aliyekataliwa na kocha hatapangwa, kwa hiyo kumleta ni kutupa pesa. Mchezaji aliyelazimishwa na kocha naye atabaki kwenye orodha ya mishahara muda mrefu baada ya huyo kocha kupanda ndege.

Halafu kuna suala ambalo wajumbe huona haya kulisema mbele ya mwenye klabu. Kama ana mazoea ya kuongea na mawakala usiku na kuja asubuhi na jina mkononi, lisemeni sasa, akiwepo. Mkurugenzi mzuri atawauliza hilo kwenye usaili, na jibu la kuficha litamfukuza mtu mliyemhitaji au litamleta yule asiyejali.

Mkurugenzi wa soka Dan Ashworth alikuwa na sifa nzuri kutokana na kazi yake Brighton, kisha Newcastle. Manchester United walimsubiri kwa miezi akiwa hana ruhusa ya kuanza kazi, wakalipa fidia ili wampate, akaanza Julai 2024. Desemba 2024 aliondoka. Wasifu uliokuwa kivutio Julai ulikuwa uleule Desemba, na bado ndoa haikudumu hata miezi sita. Ndiyo maana karatasi ya mamlaka inaandikwa kabla ya kupiga simu ya kwanza.

Hatua ya 2: Semeni ukweli kuhusu klabu mliyonayo

Klabu inayoishi kwa kuuza wachezaji inahitaji jicho la kumwona kijana wa miaka 19 kabla bei yake haijapanda, na moyo wa kumuuza akiwa kileleni huku mashabiki wakilia. Klabu inayotakiwa kutwaa ubingwa mwaka huu inahitaji mtu anayeweza kufunga dili za wachezaji waliokwisha kuiva, wanaotakiwa na wengine watano. Klabu iliyozama kwenye madeni inahitaji mtu anayejua kuvunja mikataba kwa makubaliano, kuwaondoa wachezaji wenye mishahara mikubwa na kujaza pengo kwa wachezaji huru. Klabu yenye akademi nzuri inahitaji mtu atakayemkatalia kocha beki wa tatu wa kushoto kwa sababu kuna kijana anayekuja. Ni nadra mtu mmoja kuwa bora katika yote.

Mfano wa Monchi unafaa kusomwa taratibu. Alikuwa kipa wa Sevilla ya Hispania, akapewa idara ya soka mwaka 2000, klabu imeshuka daraja na pesa hakuna. Akajenga mtandao wa skauti, akanunua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Dani Alves alitoka Bahia ya Brazil akiwa kijana na mwaka 2008 akauzwa Barcelona. Kombe la UEFA likaja 2006 na 2007, kisha Europa League mara tatu mfululizo, 2014, 2015 na 2016. Mwaka 2017 akaenda Roma. Ni kweli timu ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018, lakini Machi 2019 alikuwa ameshaondoka. Akarudi Sevilla, na 2020 Europa League ikarudi pamoja naye. Jicho lilikuwa lilelile. Mazingira ndiyo yaliyobadilika: wamiliki, matarajio ya mashabiki, uvumilivu, watu waliomzunguka. Kwa hiyo mkiona wasifu wa kung'aa, jiulizeni kama alikong'aa panafanana na kwenu.

Andikeni ukurasa mmoja: kipato, bili ya mishahara, madeni, wastani wa umri wa kikosi, mikataba inayoisha ndani ya miezi 18, na mnachotaka kiwe kimetokea baada ya miaka mitatu. Huo ndio mtakaompa kila mwombaji.

Hatua ya 3: Tafuteni pembeni ya njia iliyozoeleka

Bodi nyingi huanza na mchezaji wa zamani anayependwa na mashabiki. Wakati mwingine inafaa sana. Michael Zorc aliichezea Borussia Dortmund maisha yake yote ya uwanjani, akachukua idara mwaka 1998 na kuishikilia hadi 2022, miaka ambayo klabu ilinusurika kufilisika na baadaye kutwaa ubingwa wa Ujerumani mara mbili mfululizo. Lakini mapenzi ya mashabiki ni ngao ya miezi sita. Hayamfundishi mtu kusoma mkataba.

Michael Edwards alitokea kwingine kabisa. Alikuwa mchambuzi wa mechi Portsmouth, akaenda Tottenham, akafika Liverpool 2011 na kuwa mkurugenzi wa michezo mwaka 2016, bila jina lolote kubwa la uchezaji. Luis Campos, aliyejijengea sifa Monaco na Lille kabla ya PSG, alianza kama kocha. Wengine wametoka kwenye sheria au uskauti. Kila njia ina pengo lake: mchambuzi huenda hajui kumtuliza mchezaji aliyewekwa benchi, mchezaji wa zamani huenda hajui takwimu, mwanasheria huenda hajui kumwona kiungo anayejificha nyuma ya wapinzani mechi inapokuwa ngumu. Hakuna ubaya mtu kuwa na pengo. Muulizeni atalizibaje na nani.

Kundi ninalolipenda, na ambalo huwa halitazamwi, ni la manaibu. Mtu aliyekaa miaka minne chini ya mkurugenzi hodari, akiandaa faili na kusimamia mikopo ya vijana, amekwisha kufanya kazi yenyewe bila kupigwa picha. Kwa klabu ya kipato cha kati huyo ni bora kuliko jina kubwa linalotafuta pa kupumzikia.

Hatua ya 4: Kagueni maamuzi, msikague vikombe

Hapa msione uvivu. Kwa kila mwombaji aliyefika hatua ya mwisho, tengenezeni jedwali la kila mchezaji aliyeingia na kutoka katika kipindi chake. Kisha tafuteni majibu haya.

Wachezaji aliowasajili walicheza dakika ngapi msimu wao wa pili? Msimu wa kwanza hudanganya, kwa sababu kocha hulazimika kumpanga mchezaji mpya. Wa pili ndio unaoonyesha kama alistahili.

Ni wachezaji wangapi muhimu walioachwa hadi mwaka wa mwisho wa mkataba? Mchezaji akibakiza miezi sita ana ruhusa ya kuzungumza na klabu nyingine na kusaini awali, na tangu hukumu ya Bosman ya 1995 anaondoka mkataba ukiisha bila klabu kupata ada. Mkurugenzi ambaye kila mwaka anapoteza wachezaji wawili wa kikosi cha kwanza kwa njia hiyo anawavujishia mali, hata kama anasajili vizuri.

Usajili ulioshindikana aliutatua baada ya muda gani? Kila mtu hukosea. Anayefaa hukubali ndani ya dirisha moja au mawili, akamtoa mchezaji kwa mkopo au akamuuza kwa hasara ndogo. Asiyefaa humtetea mchezaji wake hadi mkataba uishe, ili kosa lisionekane kosa.

Wakala gani anajirudia? Wekeni jina la wakala mbele ya kila usajili. Mkikuta robo tatu ya wachezaji wametoka kwa mtu mmoja, muulizeni uso kwa uso. Huenda ni mtandao mdogo tu, huenda ni jambo lingine. Vyovyote vile mtakuwa mnaajiri watu wawili kwa barua moja.

Baada ya hapo tenganisheni sifa zake na za wengine. Wasifu wote husema "nilimsajili fulani". Jürgen Klopp, aliyekuwa kocha wa Liverpool, amewahi kusema hadharani kwamba watu wa usajili, Edwards akiwemo, ndio waliomng'ang'ania wamchukue Mohamed Salah. Ushahidi wa namna hiyo, kutoka kwa mtu asiye na sababu ya kumpamba mwenzake, una uzito kuliko kurasa kumi za wasifu. Tafuteni wa kwenu: mpigieni kocha aliyefanya kazi naye mumuulize ni mchezaji gani ambaye yeye hakumtaka mwanzoni, akaletewa, na baadaye akashukuru.

Na tazameni mauzo kwa makini kuliko manunuzi. Januari 2018 Liverpool walimuuza Philippe Coutinho kwa Barcelona, dirisha lilelile beki Virgil van Dijk akaingia, na kiangazi akaja kipa Alisson. Mwaka uliofuata walikuwa mabingwa wa Ulaya. Kumuuza mchezaji anayependwa kuliko wote, katikati ya msimu, ukiwa umeshajua pesa inakwenda wapi, ndiko kunakomtambulisha mwenye kazi yake.

Hatua ya 5: Usaili uwe wa kazi, usiwe wa maneno

Mpeni kila mwombaji kazi ileile, wiki moja kabla: orodha ya kikosi chenu bila majina, yaani nafasi, umri, mshahara, tarehe ya mwisho ya mkataba, dakika alizocheza, historia ya majeraha, pamoja na ule ukurasa mmoja wa hali ya klabu. Waombeni mpango wa madirisha matatu. Asaini hati ya kutunza siri kwanza.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la namna hiyo. Mwombaji wa kwanza alikuja na slaidi arobaini, ramani ya dunia yenye vidoa vya rangi, na majina ya washambuliaji sita. Alizungumza saa nzima, akazungumza vizuri. Wa pili alikuja na ile karatasi yetu, imekunjwa mara nne, imejaa kalamu nyekundu. Aliiweka mezani akaweka kidole kwenye safu ya tarehe. "Hawa watano mikataba yao inaisha mwezi mmoja," alisema, "na watatu kati yao ni safu yenu yote ya ulinzi. Kabla sijawaambia nani wa kumleta, naomba kujua nani aliyewasainisha siku moja." Mjumbe aliyekuwa pembeni yangu, mhasibu, aliacha kuandika akainua kichwa. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, na karatasi tulikuwa tumeiandaa sisi wenyewe.

Mtafuteni mtu anayeanza na mlichonacho. Anayeanza na majina ya kununua anawauzia ndoto ambayo bili yake itabaki kwenu.

Upande wa kanuni, maswali machache yanatosha. Mkataba wa mchezaji kwa kanuni za FIFA una kikomo gani? Jibu ni miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Mchezaji wa miaka 16 kutoka nchi nyingine asajiliwe? Uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ile asilimia 5 ya ada ya uhamisho inakwenda wapi? Inagawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23, na mkurugenzi makini huidai kila kijana wenu wa zamani anapouzwa huko mbali. Je, mwekezaji wa nje anaweza kumiliki sehemu ya haki za mchezaji? Hapana, imepigwa marufuku tangu Mei 2015. Anayebabaika kwenye haya anaweza kujifunza, lakini mjue mtahitaji mwanasheria karibu yake tangu siku ya kwanza. Klabu isiyomlipa mchezaji inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu, na hilo kocha hawezi kulirekebisha kwa mazoezi.

Maswali ya tabia nayapendelea mawili. La kwanza: "Tumepoteza mechi sita mfululizo, mashabiki wako getini, unafanya nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa?" Sikilizeni kama atakuwa na kigezo cha kumpima kocha mbali na matokeo, na kama tayari ana orodha ya makocha wanaocheza kwa mtindo wa klabu. La pili: "Mwenye klabu anamtaka mchezaji, wewe humtaki." Anayejibu haraka kwamba atamkatalia, na anayejibu haraka kwamba atatii, wote wawili wanitia shaka. Ninayemtaka ataeleza angemwonyesha nini mwenye klabu, kwa tarakimu zipi, na baada ya kushindwa angeweka kumbukumbu wapi.

Hatua ya 6: Wapigieni wale ambao hakuwaorodhesha

Wadhamini aliowaandika watamsifu. Tafuteni mhasibu wa klabu aliyotoka, katibu aliyekuwa anashughulikia usajili, kocha wa vijana, daktari, mtunza vifaa. Mtunza vifaa anajua nani huwasalimia watu wadogo na nani hupita kama upepo. Mtafuteni pia wakala aliyeshindwa dili naye: akisema "ni mgumu lakini neno lake ni neno", mmepata mtu.

Uchunguzi wa nidhamu na kesi zinazoendelea usirukwe, hata kwa jina kubwa. Fabio Paratici akiwa Tottenham alifungiwa na mamlaka za soka za Italia kutokana na mambo ya klabu yake ya awali, Juventus. FIFA ikaueneza uamuzi huo duniani kote Machi 2023, na Aprili akajiuzulu. Klabu ikabaki bila mkuu wa soka msimu ukiwa haujaisha. Mtakeni atamke kwa maandishi kesi zote, hisa zote, na kila ndugu au rafiki wa karibu anayefanya kazi ya uwakala.

Hatua ya 7: Mkataba wake

Miaka mitatu ndiyo kima cha chini cha haki, kwa sababu dirisha la kwanza atalitumia kusafisha. Asilipwe kwa idadi ya usajili wala kwa faida ya mauzo peke yake, maana atauza hata nguzo ya nyumba. Changanyeni: nafasi kwenye ligi, dakika za wachezaji wa akademi, thamani ya kikosi, na uwiano wa mishahara kwa kipato. UEFA kwa klabu zinazocheza mashindano yake imeweka kikomo cha gharama za kikosi kuwa asilimia 70 ya mapato kuanzia 2025/26. Hata kama hamko chini yake, ni kipimo kizuri cha kujiwekea. Kamisheni yoyote kutoka kwa wakala iwe sababu ya kufukuzwa siku hiyohiyo, na iandikwe hivyo.

Kifungu kinachosahaulika: taarifa zote za skauti, video, ripoti na kanzidata ni mali ya klabu na zinakaa kwenye mfumo wa klabu. Nimeona klabu ikiamka asubuhi baada ya mkurugenzi kuondoka na kukuta miaka mitatu ya ripoti ilikuwa kwenye kompyuta yake binafsi.

Kama na kiti cha kocha kiko wazi, ajirini mkurugenzi kwanza. Kama kocha yupo, akutane na waombaji wawili wa mwisho, awape bodi maoni yake, lakini asipige kura. Atakuwa anamchagua bosi wake.

Hatua ya 8: Mwaka wa kwanza

Siku 30 za mwanzo asisajili mtu, labda dirisha liwe limefunguka na kuna pengo la dharura. Azitumie kukaa na kila mchezaji, kila kocha wa vijana, na kusoma kila mkataba, kisha awaletee bodi andiko la mtindo wa mchezo wa klabu na wasifu wa kila nafasi: beki wa kati wa aina gani, kiungo mkabaji wa aina gani. Kila usajili utakaofuata upimwe kwa andiko hilo. Kutaneni naye mara moja kwa mwezi, kwa ajenda. Msimpigie kila baada ya mechi.

Dalili mbaya zinajitokeza mapema kuliko matokeo: usajili unaokwepa ripoti za skauti wenu, wachezaji wasioendana na andiko alilolitia saini mwenyewe, kocha anayesikia habari za usajili kutoka kwa waandishi. Mkiona mbili kati ya hizo ndani ya dirisha moja, mwiteni na mfungue ile karatasi ya mamlaka mstari kwa mstari.

Na ndani ya mwaka huohuo awe na naibu anayeandaliwa. Zorc alipoondoka Dortmund mwaka 2022, Sebastian Kehl aliyerithi kiti alikuwa akifanya kazi chini yake ndani ya klabu tangu 2018, anajua faili zote, na kocha hakulazimika kujitambulisha upya. Muulizeni mkurugenzi wenu kwenye kikao cha mwezi wa kumi na mbili wa kazi yake: naibu wako ni nani, na ameshasimamia dili gani peke yake?